Mwaka Nilipomwandika Farasi Kuwa Mweusi

Mwezi uliopita nilimkuta Komanda akila samaki. Ilikuwa katika hoteli moja ya mtaa wa Thongpiny, hapa Juba, siku ya pili ya mkutano wa wenye maduka ya dawa za mifugo, saa ya chakula cha mchana. Sasa amezeeka, anatembea na fimbo, na alikuwa amealikwa kwa sababu mikutano ya mji huu haianzi mpaka mtu mkubwa wa zamani apewe kiti cha mbele na chupa ya maji. Alinitambua kabla sijamtambua. "Daktora!" akapaza sauti. "Njoo ukae na baba yako." Nilikaa. Akawaambia waliokuwa mezani kwamba binti huyu alikuwa daktari wa farasi wake, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, kisha akaanza hadithi ya saisi mmoja aliyekuwa akiwatunza farasi hao, ambaye alimuuza farasi mweusi wa thamani kisiri, akamfunga mweupe mahali pake, akidhani mwenye mali hana macho. "Mimi! Mimi niliyezaliwa zizini!" alisema, akipiga kifua kwa mkono ulioshika mfupa wa samaki, na meza nzima ikacheka. Nikasema, "Huo ni uongo, Komanda." Akaniangalia kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko ambavyo tusi lingeniuma, akasema, "Kula, binti yangu. Samaki anapoa."

Sikula. Nilirudi dukani nikamfokea mfanyakazi ambaye hakuwa na kosa, nikafunga mlango wa ofisi, na hasira ile sijaimaliza mpaka leo. Saisi yule aliitwa Gai. Alikufa kwa homa katika kambi ya waliokimbia vita, miaka michache baada ya vita hivyo kuanza, na hayupo tena kujibu maneno ya watu wanaokula samaki. Kwa hiyo nitajibu mimi. Na kabla sijajibu, msomaji anijue, maana kalamu iliyomponza Gai ilikuwa mkononi mwangu. Mimi nina diploma ya afya ya wanyama kutoka chuo cha Kenya, na alama zangu mwalimu mkuu alizisoma mara mbili mbele ya darasa, mara ya pili polepole ili wavulana wasikie. Leo nina maduka mawili, gari nililolinunua mwenyewe, na wafanyakazi wanaosimama ninapoingia. Hakuna mjomba aliyenipigia simu ya kazi. Hakuna mwanamume aliyenijengea. Wanaonisema kwamba najisifu wanasema kweli, na wangekuwa na cha kujisifia wangefanya vilevile.

Nilirudi Juba mwezi wa kwanza, katika mwaka wa pili wa uhuru wa Sudan Kusini, na mwaka huo haukumalizika bila bunduki. Nilipanga chumba cha mabati katika mtaa wa Mangateen, kitanda kimoja na sanduku la chuma, na kitu cha kwanza nilichokifanya kabla hata ya kutafuta chandarua kilikuwa kugongomea msumari na kuitundika diploma yangu. Mabati yalipopata joto mchana, kioo cha fremu kiliungua kama sufuria. Asubuhi nilikunywa chai bila kitu, maana nilijua nitakula kazini. Kazi yenyewe niliipata kwa kwenda mlangoni na kubisha. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna afisa mstaafu aliyefungua banda la farasi upande wa pili wa uwanja wa ndege, karibu na mto, nikaenda na vyeti vyangu katika bahasha ya kaki. Kila mtu alimwita Komanda. Alisoma diploma yangu akiwa ameishika mbali na macho, akauliza, "Farasi wamo humu ndani?" Nikamwambia wamo, kurasa nzima, na kwamba katika mtihani wa farasi niliwashinda wote. Akacheka. "Nchi mpya lazima iwe na farasi," akasema. "Na farasi lazima wawe na daktari. Anza leo."

Farasi walikuwa sita. Komanda aliwanunua kwa wafanyabiashara wa kaskazini kabla njia hazijafungwa, akitaka wapite mbele ya watu siku za sherehe, na siku nyingine wawabebe maharusi na wageni wa mashirika wanaotafuta pa kupitisha Jumamosi. Gai alikuja pamoja nao, kama lijamu na kamba zilivyokuja. Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, mrefu, mkavu, meno mawili ya mbele hayapo. Ujana wake wote aliumaliza kaskazini akiwatumikia wauza farasi. Kama alikwenda kwa hiari au kwa nguvu hakuniambia na sikuuliza. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Yeye na Komanda hawakuwa wa kabila moja, na sitaandika nani alikuwa wa lipi. Mwaka ule makabila yalitajwa vya kutosha, kwenye milango ya watu na kwenye vizuizi vya barabarani, na mimi sitaongeza. Tuliongea Kiarabu cha Juba, na hapa nayaweka maneno yake kwa Kiswahili.

Wiki ya kwanza nilitengeneza fomu. Kila farasi fomu yake: jinsia, umri kwa meno, makovu, mizunguko ya manyoya kwenye paji la uso, rangi. Nilijivunia fomu zile. Nilizichora kwa rula, nikazipeleka zichapwe, nikaweka mahali pa saini na chini ya saini maneno "Mwenye Diploma". Gai aliwashika farasi mmoja mmoja, mimi nikaandika. Wekundu wawili, wa kahawia wenye singa nyeusi wawili, mmoja mwenye mabaka. Wa mwisho alikuwa dume mchanga, umri wa miaka mitatu, mweusi wa moshi tangu masikioni hadi kwatoni. Huyu Komanda alimpenda kupita wote. Alikuwa amempa jina la maksai wa ujana wake, dume jeusi alilopewa na baba yake siku alipohesabiwa mwanamume, na kwa watu wa ng'ombe jina la maksai wa namna hiyo ndilo jina la mwenyewe pia; rafiki zake wa rika walimwita Komanda hivyo hivyo. Jina lenyewe linataja kabila, kwa hiyo nitamwita farasi kama nilivyozoea kumwita mimi: Wingu.

"Rangi?" niliuliza, ingawa kalamu ilikuwa imeshaanza kuandika.

"Huyu bado," Gai akasema.

"Bado nini?"

"Bado hajafika rangi yake. Mtazame kando ya macho, binti yangu."

Nilitazama. Kulikuwa na nywele chache nyeupe, kama unga uliomwagika. Nikamwambia hayo ni makovu ya nzi.

"Nzi gani huyu anayeuma mduara?" akauliza. Kisha, kwa sauti ya mtu asiyetaka ugomvi, "Huyu atakuja kuwa mweupe. Nimewaona wengi. Mama yao anawazaa weusi, wanazeeka weupe. Andika kwa penseli."

"Fomu rasmi haziandikwi kwa penseli," nikasema. Urasmi wenyewe nilikuwa nimeutunga mimi, siku tatu kabla. Nikaandika MWEUSI, kwa wino, kwa herufi kubwa, nikatia saini. Chuoni tulisoma kuhusu farasi wa kijivu. Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule, mstari wa kwamba huzaliwa na rangi nyeusi au nyekundu na kupauka mwaka hadi mwaka huku ngozi ikibaki nyeusi. Lakini sikuwahi kumwona hata mmoja, na sikuwa tayari kuonyeshwa na mtu asiyejua kusoma kitu ambacho nilikuwa nacho ndani ya daftari langu.

Mwezi wa pili Komanda alisafiri kwa matibabu ya mgongo. Alisema wiki sita; alikaa hadi mwezi wa kumi na moja. Miezi ile ndiyo iliyonifanya niwe mganga wa wanyama, na nasema hivi nikijua diploma itanisikia. Saa nne tulikula nje ya lango kwa Mama Nakato, Mganda aliyekuwa na jiko la mkaa na benchi moja, chapati kwa maharage, chai ya tangawizi. Madereva wa mashirika, walinzi, mafundi wa paa, wote walikula pale, na mtu akitaka kujua nchi inakwendaje alikaa kwenye benchi lile akasikiliza. Mwezi wa saba, mawaziri walipofukuzwa kazi wote kwa siku moja, madereva walianza kuongea kwa kunong'ona, na kila mmoja alimwangalia kwanza aliyekaa kando yake. Mlinzi mmoja akamuuliza Mama Nakato yeye yuko upande gani. "Mimi iko upande ya chapati," akamjibu. "Wakubwa nagombana, basi nagombana. Wewe lipa ya jana." Benchi likacheka, na Gai akacheka nao, lakini niliona alihamia mwisho wa benchi, na kuanzia siku ile alikula amesimama.

Gai alikuwa na beseni la njano. Kila jioni alilipeleka katikati ya uwanja wenye nyasi, akapiga ulimi, na farasi wote wakaja mbio kutoka upande wa mto, na mbele yao Wingu. Siku moja beseni lilipasuka nikamnunulia jekundu sokoni. Alilirudisha mikononi mwangu. "Hili hawalioni," akasema. Nikamwambia hawawezi wasilione, ni jekundu kama damu. "Wewe ndiye unayeiona damu," akasema. "Wao wanaona nyasi zenye ukingo." Nikaliweka chini beseni jekundu, kwa sababu hilo nalo lilikuwa katika daftari langu: jicho la mtu lina aina tatu za vipokezi vya rangi, la farasi lina aina mbili; bluu anaiona, njano anaiona, nyekundu na kijani kwake ni rangi moja iliyofifia. Mimi nililijua kwa sababu mwalimu aliliandika ubaoni. Yeye alilijua kwa sababu aliwatazama farasi miaka thelathini wakipita kando ya kitu chekundu bila kugeuza shingo.

Tulilipima. Nilinunua mabeseni ya rangi nne, tukaweka mtama katika yote na wavu juu ya matatu ili harufu iwe moja lakini chakula kifikiwe katika moja tu. Wingu alijifunza bluu kwa siku tatu. Njano kwa siku mbili. Nyekundu kati ya kijani hakuijifunza kamwe. Alikwenda kwa lililo karibu, akagonga wavu kwa pua, akatuangalia kwa lawama. Gai alicheka mpaka akakaa chini. Zilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizopata kazini, na nilizifanya nini? Niliandika ripoti ya kurasa nne kwa jina langu peke yangu na kumtumia Komanda, ambaye hakuisoma. Jina la Gai halikuwamo hata mahali pa kushukuru.

Na wakati huo wote, mbele ya macho yetu, Wingu alikuwa anapauka. Kwanza uso. Kisha shingo ikawa na vidoa kama matone ya mvua kwenye vumbi. Mvua zilipokwisha alikuwa na rangi ya majivu ya mkaa uliozimika, na uso mweupe kabisa. Wengine huchukua miaka mingi. Yeye alikuwa na haraka. Fomu ilikuwa kwenye faili, na kwenye fomu alikuwa MWEUSI. Kila nilipofungua faili ile niliifunga upesi. Gai hakunikumbusha ya penseli hata mara moja. Angenikumbusha ningekasirika, na ningekasirika labda ningerekebisha.

Komanda alirudi na marafiki wawili maofisa, saa tano ya asubuhi, bila kutoa habari. Aliingia akiita jina la maksai wake. Gai akamleta Wingu. Komanda alimpita, akachungulia nyuma yake, akauliza, "Yuko wapi?"

"Ndiye huyu, mkubwa."

Hapa msomaji ambaye si mtu wa ng'ombe lazima aelewe jambo, la sivyo atamwona Komanda kama mjinga, na mjinga hakuwa. Ng'ombe anazaliwa na rangi yake na anakufa nayo. Rangi ndiyo jina lake, ndiyo hati yake. Mtu anaweza kupotelewa na ng'ombe leo, akamkuta baada ya miaka sita katika zizi la watu wengine, na wazee wakaamua kesi kwa rangi tu, kwa baka lililo chini ya tumbo. Katika maisha yake yote Komanda hakuwahi kusikia mnyama aliyetoka rangi moja akaenda nyingine, isipokuwa pale mtu alipoiba. Na huyu hakuwa mnyama tu. Alikuwa jina lake.

"Nimezaliwa zizini," akasema, na sauti ilikuwa bado ya chini. "Niletee ng'ombe elfu nitakuonyesha wangu mmoja. Wewe unaniambia farasi amejivua ngozi kama nyoka?"

"Ngozi ni ileile, mkubwa. Fungua manyoya utazame. Ni nyeusi."

"Maksai wako wewe, kule kwenu, alishawahi kugeuka mweupe?"

"Hapana, mkubwa. Lakini huyu si maksai."

Mmoja wa maofisa akacheka kidogo na kusema, bila kumwangalia Gai, "Hawa watu ndivyo walivyo." Na Komanda, ambaye hadi pale alikuwa mtu aliyepotelewa na farasi, akawa mtu mwingine. Akaitaka fomu. Nikaileta mwenyewe, kwa mikono yangu. Akaisoma kwa sauti. "Rangi: mweusi. Daktora, mwandiko huu ni wako?"

"Ndiyo, Komanda."

"Ulikosea?"

Nimelisikia swali hilo kila mwaka tangu siku ile. Jibu lilikuwa neno moja: ndiyo. Lakini dakika chache kabla, pale langoni, alikuwa amenitambulisha kwa maofisa wale kama daktari mkuu wa kituo kikubwa cha mifugo atakachofungua mwaka unaokuja, mwanamke wa kwanza, mwenye diploma. Nilikuwa bado nimeushikilia utamu wa maneno hayo mdomoni. Nikasema, "Niliandika nilichokiona siku ile."

Maneno ya kweli. Sijawahi kusema uongo mbaya kuliko huo.

Gai hakunigeukia. Akamwambia Komanda kwamba farasi mwenyewe atasema: leta mabeseni, weka mtama katika yote, na farasi wa siku zote atakwenda kwenye la njano, kwa kuwa ndilo alilofundishwa. Komanda akatikisa kichwa. "Njano kila farasi wa hapa anaijua. Mimi nilimlisha wangu kwa mkono wangu, mwezi wa kwanza, kwenye beseni jekundu. Kama ni yeye, atanikumbuka." Akaamuru jekundu liwekwe uwanjani kati ya matatu ya kijani. Ndipo Gai aliponigeukia.

"Nyekundu haoni, mkubwa. Daktora, mwambie."

Wote watatu waliniangalia, maofisa na Komanda, na Gai wa nne. Nilifungua mdomo. Nilisema, kwa Kiingereza kwanza ili kionekane ni kitu cha kitaalamu, kisha kwa Kiarabu, kwamba suala la macho ya farasi bado linafanyiwa utafiti. Kurasa nne zilizo na jina langu zilikuwa ofisini, hatua ishirini kutoka pale.

Wingu aliachiliwa. Alikwenda kwenye beseni lililo karibu, la kijani, akala. Kwa nini asile? Alikuwa na njaa, na mtama ni mtama. Komanda akasema, "Kalas. Imekwisha." Walinzi wakamshika Gai mikono, naye akawafuata bila kuvutwa, akigeuka mara moja tu kumwambia kijana wa zamu ya mchana asimpe Wingu maji ya baridi baada ya mtama.

Alifungiwa siku mbili katika kontena la matandiko. Mama Nakato alimpelekea chapati, akalipigia mlango kelele mpaka mlinzi akafungua. Aliporudi alinikuta nimekaa kwenye benchi lake, na hakunipa chai. "Wewe dada," akasema, "ile diploma yako iko ya kazi gani? Ya kuziba tundu ya ukuta?" Nilimwambia hajui mambo ya kazi. "Mimi najua mzee hajaiba," akasema. "Na wewe najua. Sisi wawili tu najua, na mimi hakuna mtu nasikiza." Siku ya tatu walimtoa Gai langoni na nguo alizovaa. Jina lilimtangulia mtaani: mwizi wa farasi. Kwa watu wa ng'ombe hilo si tusi la kupita. Binti yake wa pili alikuwa ameposwa, na kabla wiki haijaisha wakwe walileta neno kwamba hawaoi nyumbani kwa mwizi. Na kati ya madereva, wale waliokuwa wakinong'ona, habari ilikua na kubadilika: saisi wa kabila fulani amemwibia afisa wa kabila fulani, mnaona wanavyotuandama.

Niliandika barua mwanzoni mwa Desemba. Ilikuwa barua nzuri. Najua kuandika barua. Nilieleza meno, nilieleza kovu la goti la kushoto na mizunguko miwili ya manyoya kwenye paji, ambavyo vyote vilikuwa kwenye fomu ileile na vyote vililingana na farasi aliyesimama bandani, nikaeleza rangi ya kijivu na namna inavyokuja. Mwishoni nikaandika: kosa ni langu, Gai alinionya. Nikatia saini. Kisha nikaiweka sandukuni, nikisubiri Komanda awe na hali nzuri ya moyo. Siku kumi niliisubiri hali nzuri ya moyo ya Komanda! Nikiwa na miaka ishirini na sita, nimefika kwa miguu yangu mwenyewe, simwogopi mtu, kila mtu aliyenijua alilisikia hilo kutoka kinywani mwangu mara ya mia.

Halafu vita vikaingia mjini. Nilikaa chini ya kitanda Mangateen siku tatu, pamoja na Mama Nakato aliyekimbilia kwangu na sufuria yake ya unga, na sitaeleza tulichokisikia kupitia mabati. Siku ya nne tulitoka. Banda la farasi lilikuwa wazi, milango yote, na hakukuwa na mnyama hata mmoja wala mtu. Watu wa kabila la Gai waliokuwa hai walikuwa wamekimbilia kwenye kambi ya askari wa kulinda amani, Thongpiny. Nikachukua barua nikaenda. Mimi si wa kabila lake wala la Komanda, na kwenye vizuizi walinipitisha.

Sikuwa nimewahi kuona watu wengi hivyo wamekaa chini. Mashuka yamefungwa kwenye waya, masufuria, matope ya maji ya kuoga, watoto wanalia kwa sauti moja. Niliuliza hema kwa hema. Hata pale, mtu alipomjua alisema, "Nani, yule Mwizi wa Farasi?" na wengine wakatabasamu, maana watu hutafuta cha kutabasamia popote. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mkono mmoja umefungwa kwa kitambaa. Binti yake alikuwa nyuma ya shuka akipepeta mtama, akaniona, akageuza uso.

"Daktora," Gai akasema. "Farasi?"

"Sijui. Hawapo."

Akaitikia kwa kichwa. Nikatoa barua. Nilimwambia ni ya kumsafisha jina, imeeleza kila kitu. Aliishika, akaigeuza, akanirudishia. "Nisomee."

Nilimsomea. Nilisoma kwa sauti ndogo, naye akaniambia nipandishe, jirani wasikie. Nikapandisha. Watu wa mahema ya karibu wakageuka, mzee mmoja akasogea na kiti chake. Nilipofika kwenye "kosa ni langu, Gai alinionya," Gai akanyanyua mkono uliokuwa mzima.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Binti yake alikuwa ameacha kupepeta. Yule mzee akamwambia Gai kitu kwa lugha yao, na Gai akamjibu neno moja, kisha akaniuliza, "Komanda amesoma?"

"Bado."

"Imeandikwa lini?"

Nikamwambia. Alihesabu siku kwa vidole, bila hasira, kama alivyokuwa akihesabu siku za jike lenye mimba.

"Nyumba yake si mbali na hapa," akasema. "Yuko salama yeye. Ana walinzi."

"Najua."

"Basi mpelekee. Hapa umetusomea sisi. Sisi tulikuwa tunajua."

Nilimuaga, nikamwambia nakwenda sasa hivi, na nilikuwa nakwenda. Nilitoka kwenye lango la kambi barua ikiwa mkononi, si mkobani, ili nisije nikabadilisha nia. Nilipita vibanda vilivyofungwa, nilipita gari lililoungua, nikafika kizuizi cha njia ya kwa Komanda. Askari alikuwa mdogo kuliko mimi. Alikuwa mchovu, hakuninyooshea bunduki wala hakunitukana.

"Unakwenda wapi, dada?"

Nikakunja barua.

"Nyumbani," nikamwambia, na akanionyesha njia.